Mfuko wa Jimbo na Sehemu Yetu
(Maneno ya Mwenyekiti)



Swali ninaloulizwa sana huku Dar es Salaam ni hili: mbunge amefanya nini nyumbani? Muulizeni, ni haki yenu. Lakini kwanza tuujue Mfuko wa Jimbo. Uliwekwa kwa sheria ya mwaka 2009, mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, na kazi yake ni kuchochea. Wananchi huinua boma la darasa au zahanati, mfuko ukaongeza bati na saruji. Pasipo boma, hakuna cha kuezeka.

Na kwetu saruji haifiki kwa lori peke yake. Ipande kivuko Nyamisati, ishuke Kilindoni, na ikiwa ni ya Jibondo au Juani, ipakiwe tena chomboni. Kila bandari ina wapagazi wake, nao hawabebi kwa dua. Hapo ndipo wenzetu hukwama, na boma likanyeshewa masika hata mawili.

Basi mchango wa mwaka huu ni wa usafirishaji. Orodha ya maboma iko kwa mweka hazina. Mimi nimeanza na la Chole. Mbunge tunamwandikia atujibu yapi ameyapangia bati.