Nani Anamlipa Dalali wa Mkopo?

Haya ni maoni ya redio hii.

Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi asilimia 5.75. Na kabla kiti cha Gavana hakijapoa, simu za madalali wa mikopo zilishaanza kuita. Riba imeshuka, bosi. Leta hati, nina mtu wangu benki.

Robo ya asilimia haitusumbui. Riba ya Benki Kuu inaongoza bei ya fedha ambazo benki zinakopeshana zenyewe kwa zenyewe. Haifiki kwenye mkopo wako wa nyumba kesho wala keshokutwa. Kinachotusumbua ni huyo anayepiga simu. Nani anamlipa?

Hatuna ugomvi na udalali. Dar es Salaam hii, kupata chumba Sinza au kiwanja Kigamboni bila dalali ni bahati. Lakini dalali wa chumba anajulikana anakula nini: kodi ya mwezi mmoja, unampa mkononi, mnaagana. Dalali wa mkopo wa nyumba mtaagana naye lini? Ukimuuliza malipo yake anacheka. Usijali bosi, benki watanikumbuka. Watamkumbuka kwa fedha ya nani?

Tupige hesabu. Mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikitolewa kwa riba ya kati ya asilimia 15 na 19. Chukua milioni 60 kwa miaka 15, riba ikipigwa kwenye salio linalopungua. Kwa asilimia 15, marejesho ni kama laki nane na elfu arobaini kwa mwezi. Kwa asilimia 18, ni laki tisa na elfu sitini na kitu. Mpaka umalize deni, tofauti imepita milioni 22. Dalali aliyekupeleka kwenye asilimia 18 kwa sababu huko ndiko anakokumbukwa, amekula ada ya watoto wako, tena bila kukuomba hata shilingi.

Nani anamlipa?

Wapo madalali wa maana, tusiwadhulumu. Mfanyabiashara wa Kariakoo asiye na hati ya mshahara, ambaye mapato yake yako kwenye daftari la mauzo na kwenye simu, anaweza kuzunguka benki mwezi mzima akirudishwa. Mtu anayejua ni afisa mikopo gani anaelewa daftari hilo anastahili ujira wake. Mwalimu au muuguzi ambaye mshahara wake unapita benki kila mwezi hali yake ni nyingine. Huyo aanze na benki yake, kisha apande daladala aende nyingine mbili, akaulize mwenyewe.

Na akienda atakutana na kero ambayo redio hii haitachoka kuitaja: mabango. Familia inacheka, baba kashika funguo, nyumba ina bati jekundu. Riba haipo. Ada ya maombi haipo, wala malipo ya mthamini, wala bima, wala gharama ya kusajili rehani. Kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki imweleze mteja masharti na gharama. Mbona basi mteja anaelezwa akiwa ameshakaa kitini na kalamu iko mkononi? Dalali anaishi kwenye giza hilo. Bango lingesema riba, nusu ya madalali hawa wangerudi kuuza viwanja.

Uingereza, ambako dalali wa mikopo ya nyumba ni mtu wa kawaida kabisa, kazi hiyo iko chini ya msimamizi wa masoko ya fedha tangu mwaka 2004. Dalali anatakiwa akwambie analipwa nini na nani, na kama anatazama soko zima au benki chache tu. Hapa kwetu tunategemea kicheko chake.

Sasa sikilizeni, nyinyi ambao simu zenu zinaita. Hati halisi ya nyumba haiendi kwa dalali. Haiendi! Mpe kivuli, hati yenyewe ikabidhiwe benki, upewe karatasi ya mapokezi yenye mhuri. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza wako, ndivyo Sheria ya Ardhi inavyosema. Akikwambia sahihi ya mama tutaipata, simama uondoke, maana huyo anakupeleka mahakamani. Mwambie aandike kwenye karatasi anachopata kwako na anachopata benki. Akikataa kuandika, ameshakujibu.

Na ninyi wenye mabango, mnatusikia. Gavana anatangaza riba yake kila robo mwaka, hadharani, mbele ya kamera. Bandikeni zenu pamoja na ada zote, kwenye mlango wa kila tawi, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani. Benki Kuu, piteni mkakague. Tunataka milango hiyo iwe na karatasi kabla ya tangazo lijalo la Gavana.