Habari za Padre Gregor Mendel, Mwalimu



Siku ya jubilei twawakumbuka waliopanda kabla yetu. Basi nawasimulia habari za mwalimu mmoja. Gregor Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, nchi iliyotawaliwa zamani na Austria, nayo leo ni sehemu ya Cheki. Baba yake, mkulima, aliumia kazini, fedha za masomo zikakosekana. Ndipo Theresia, umbu lake mdogo, alipotoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa arusi yake, ili kaka asome. Naye hakusahau, baadaye aliwasaidia watoto wa Theresia katika masomo yao.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Waagustino mjini Brno, akapewa upadre 1847. Kuwazuru wagonjwa kulimwumiza moyo hata akaugua mwenyewe. Mkuu wake akampeleka kufundisha. Mara mbili, 1850 na 1856, alifanya mtihani wa ualimu asiupate. Walakini aliwafundisha wavulana wa Brno habari za viumbe tangu 1854 hata 1868.

Katika bustani ya monasteri alipanda njegere, mimea ipatayo 28,000 katika miaka minane. Alitwaa unga wa ua la mmea wenye mbegu laini, akaupaka ua la mmea wenye mbegu za makunyanzi. Mbegu za uzao wa kwanza zote zikawa laini. Bali katika wajukuu makunyanzi yalirudi. Akazihesabu: laini 5,474, za makunyanzi 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Hivyo akatambua ya kuwa kila mzazi humpa mtoto fungu lake, na fungu lililofichika halikupotea.

Mwaka 1865 aliwasomea wataalamu wa Brno habari hizo, zikapigwa chapa 1866. Wachache mno walizifahamu. Alifanywa abate 1868, akafa 1884 pasipo kusifiwa kwa kazi ile. Hata mwaka 1900 wataalamu watatu wakaiona kweli ile ile, na leo yafundishwa shuleni duniani kote.

Walimu wenzangu, mtoto aliyeshindwa mtihani msimwite mjinga. Nanyi jamaa, mkiona mwenye akili anakosa karo, mkumbukeni Theresia. Kazi yetu ni kupanda na kuhesabu kwa uaminifu; mavuno ni ya Mungu, nayo huja kwa wakati wake.

Mungu awabariki nyote.