Deni Lililolipwa na Deni Lililosamehewa: Maswali Kuhusu Damu na Ondoleo la Dhambi



Mwaka 1594 Fausto Sozzini, Mwitaliano aliyeishia kuhamia Poland, alichapisha kitabu kuhusu Yesu Kristo Mwokozi. Humo aliibua swali ambalo hadi leo tunalikwepa mimbarani: deni likishalipwa, kinachosamehewa ni nini? Mwenye duka akilipwa sukari uliyokopa, hata kama aliyelipa ni shemeji yako, hajakusamehe kitu, amelipwa. Na kama amekusamehe, shemeji alitoa hela za nini? Sozzini alifika mahali ambapo mimi siwezi kumfuata, maana aliukana hata Utatu, lakini hapa alikamata jambo. Sisi tunaimba kwamba tumesamehewa bure, kisha katika ibada hiyo hiyo tunahubiri kwamba gharama yote ililipwa, na hakuna anayegutuka.

Nje ya kanisa wanagutuka. Katika mihadhara ya dini mitaani, ndugu zetu Waislamu hutuuliza kwa nini Mungu awezaye kumsamehe anayetubu ahitaji damu. Tumezoea kujibu kwa Waebrania 9:22, kwamba pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo. Shida ni kwamba tunausoma mstari huo nusu. Mwandishi anaeleza utaratibu wa Torati, na ametanguliza tahadhari kwamba anasema juu ya karibu vitu vyote, si vyote. Alikuwa na sababu. Walawi 5:11 inamruhusu maskini asiyeweza kupata hata makinda mawili ya njiwa alete unga, sehemu ya kumi ya efa, bila mafuta wala ubani, naye anasamehewa sawasawa na aliyeleta mbuzi. Unga hauna damu.

Naomba tukae kidogo na kitabu hiki cha Walawi, kwa sababu tunakitaja kuliko tunavyokisoma. Siku ya Upatanisho huwa tunaihubiri hivi: dhambi za watu zinawekwa juu ya mnyama, kisha mnyama anauawa badala yao. Sura ya 16 haisemi hivyo. Mbuzi wako wawili. Yule ambaye kuhani anamwekea mikono kichwani na kuungama juu yake maovu ya Israeli hachinjwi madhabahuni, anapelekwa jangwani akiwa hai. Anayechinjwa ni yule mwingine, ambaye hakuna dhambi iliyoungamwa juu yake. Damu yake nayo hawanyunyiziwi watu. Inapelekwa ndani ya pazia na kunyunyizwa penye kiti cha rehema, ili kupatakasa mahali patakatifu palipochafuliwa na unajisi wa watu. Jacob Milgrom, rabi ambaye juzuu ya kwanza ya ufafanuzi wake mkubwa wa Walawi ilitoka 1991, aliifanya hoja hii kuwa mhimili wa kazi yake: damu ya sadaka ya dhambi husafisha hema, Mungu apate kuendelea kukaa katikati ya watu wake. Mnyama haadhibiwi. Wapo wanaombishia Milgrom, hasa kuhusu maana ya kuweka mkono juu ya sadaka, lakini mbuzi wale wawili hakuna anayeweza kuwafanya mmoja.

Tazameni pia Walawi 17:11. Mungu ndiye anayesema kwamba amewapa watu damu hiyo juu ya madhabahu. Zawadi inatoka kwake, inakuja kwetu. Paulo anashika njia hiyo hiyo katika Warumi 3:25: Mungu mwenyewe ndiye aliyemweka Kristo kuwa upatanisho. Kwa hiyo hatuna Mwana anayemtuliza Baba aliyekasirika, bali Baba aliyekwisha kuamua kusamehe, ndipo akatoa.

Picha ya Baba wa kutulizwa wengi humtwisha Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyemaliza kitabu chake Cur Deus Homo mwaka 1098. Wanamwonea. Anselm aliishi katika dunia ya mabwana wanaodai heshima, na kwake dhambi ni kumnyima Mungu heshima yake; lazima itolewe fidia, la sivyo ije adhabu. Kristo anatoa fidia ili adhabu isije. Aliyelisogeza fundisho hadi mahakamani, Kristo akabeba hukumu yetu, ni hasa Calvin, msomi wa sheria, karne ya 16. Tena karne ya 4 Gregori wa Nazianzo alikuwa ameshauliza fidia hiyo alilipwa nani, akakataa kwamba ni Shetani, akakataa pia kwamba Baba aliidai.

Kuna Daudi vilevile. Kwa uzinzi na mauaji Torati haikuwa na mnyama wa kumpeleka madhabahuni. Hesabu 15:30 inamfungia mlango mtu atendaye kwa kiburi. Daudi alikiri, na papo hapo Nathani akamwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Yesu naye, katika Marko 2, alimsamehe yule mwenye kupooza nyumbani Kapernaumu, pasipo kuhani na kabla ya msalaba.

Najua nitakachoulizwa: na Mathayo 26:28, ambapo Bwana mwenyewe anaihusisha damu yake na ondoleo? Siufuti mstari huo. Ninachosema ni kwamba kusamehe humgharimu anayesamehe, kwa kuwa hasara anabaki nayo yeye badala ya kumrudishia mkosaji. Msalabani Mungu anabaki na hasara yetu mwilini mwake. Hapo damu ni gharama ya kusamehe, wala si malipo yanayomfanya Mungu akubali kusamehe. Kwa nini gharama hiyo ilipaswa kufika mautini, mauti ya aibu namna ile, maelezo yangu hayatoshi, na hapo Anselm ananishinda kwa kujaribu.

Jambo la mwisho linahusu nidhamu ya kanisa. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulihubiri damu ya Yesu kuliko uamsho wowote tunaoujua huku, lakini Walokole wale walirudisha walivyoiba, wakawaendea waliowakosea. Waliielewa Walawi 6:1–7 pengine kutuzidi: aliyedhulumu anarudisha mali kamili, anaongeza sehemu ya tano, ndipo analeta kondoo dume. Leo mhazini anayekula fedha za ujenzi anasimama kushuhudia kwamba ameoshwa, tunapiga makofi, na hakuna anayemuuliza juu ya sehemu ya tano, wala juu ya ile mali yenyewe. Naomba vikundi vya semina yetu vianzie hapo mchana huu, kabla hatujarudi kwa Anselm.