Hofu Nayo Hulinda Shamba

Kuanzia milima ya Mbulu hadi bonde la Yaeda Chini, mkulima akimwona mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi kwenye maharage, humhesabia vidukari aliowala tu. Hesabu hiyo haijakamilika. Kidukari akishambuliwa hutoa harufu ya hatari. Wenzake huacha kufyonza utomvu, na baadhi hujiangusha chini, ambako jua na njaa huweza kuwamaliza. Wanaobaki hula kwa mashaka na kuzaa kidogo. Kweli, wengine huzaa watoto wenye mabawa wanaohamia mimea mingine. Hata hivyo, mbawakawa huyu mlinzi ana thamani kubwa, na dawa ikipulizwa ovyo humuua pia. Mkulima, kagua majani kwanza ndipo ushike bomba la dawa.