Jeni na Kichwa Kilichojeruhiwa

Watu wawili wanaumia ubongo kwa kiasi kinachokaribiana. Miezi sita baadaye mmoja yuko kazini, mwingine bado analishwa. Kwa nini?

Mwaka 1997 watafiti wa Glasgow, Uskoti, wakiongozwa na Graham Teasdale, walilitafuta jibu kwenye damu. Waliwafuatilia majeruhi 93 wa kichwa, wakipima jeni ya APOE, inayohusika na protini ya kusafirisha mafuta ndani ya ubongo. Kati ya waliorithi aina iitwayo e4, asilimia 57 walifariki au walibaki na ulemavu mkubwa. Kwa wasiokuwa nayo, ilikuwa asilimia 27.

Tofauti kubwa mno!

Timu hiyo haikubweteka na sifa. Mwaka 2005 ilirudi na wagonjwa 1,094, na safari hii tofauti ya jumla haikuonekana. Hata hivyo, dalili za athari ya e4 zilijitokeza kwa watoto na vijana. Kuijaribu upya kazi yako hadharani kunahitaji ujasiri, na wagonjwa ndio wanaofaidika. Daktari anayempokea dereva wa bodaboda usiku huu hana msingi wa kumwambia mama mtu kwamba jeni imeshaamua. Atazame kwanza umri wa kijana na ukubwa wa jeraha lenyewe.