Viambato vya Barakoa za Kulainisha Uso na Athari Zake kwa Ngozi Katika Hewa ya Eldoret

Ngozi ya uso hupoteza maji mchana na usiku, hata wakati mtu hatoki jasho. Maji hupanda kutoka tabaka za chini na kuyeyukia hewani. Kinachoyazuia yasitoke kwa kasi ni utando wa juu kabisa, ambao unene wake usoni ni takriban milimita 0.01 hadi 0.02 tu. Utando huo ni wa seli zilizokufa, zilizojaa keratini na kushikanishwa na mafuta ya aina tatu: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ndani ya seli zenyewe mna asidi amino, urea na laktati, ambazo kazi yake ni kunasa maji yasipotee. Mafuta hayo yakipungua, au vinasa-maji hivyo vikioshwa kwa sabuni kali, ngozi hupauka, hukaza baada ya kunawa na mwishowe hupasuka.

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sana na ikweta. Kuanzia Desemba hadi Machi mvua hupungua, upepo huwa mkavu, usiku huwa wa baridi na jua la adhuhuri huwa kali. Nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu anapopanda mita 1,000, kwa hiyo uso wa mkazi wa Uasin Gishu, kaunti uliko mji huo, hupigwa na jua kali kuliko hali ya ubaridi inavyoashiria. Barakoa inayomfaa mkazi wa Mombasa, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, yaweza kumwacha mkazi wa Eldoret akiwa mkavu kuliko alivyokuwa kabla ya kuipaka. Tofauti hiyo hutokana na namna viambato vinavyoshughulika na maji.

Kundi la kwanza ni la viambato vinavyovuta maji. Glisarini ndiyo mashuhuri zaidi, na ni ya bei nafuu. Chembe zake hushikana na maji kwa urahisi na hupenya kwenye utando wa juu, zikaulainisha na kuufanya unyumbuke. Hata hivyo glisarini haichagui maji ya kuvuta. Hewa ikiwa na unyevu wa kutosha, huvuta kutoka hewani. Hewa ikiwa kavu, huvuta kutoka tabaka za chini za ngozi, na maji hayo yakifika juu huyeyuka. Ndiyo sababu glisarini isiyochanganywa na maji, ikipakwa usoni mwezi wa Februari, huacha ngozi inayonata kwa muda mfupi kisha inayokaza.

Asidi ya hialuroni hutenda vivyo hivyo. Iligunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer, walioitoa katika jicho la ng'ombe. Molekuli zake za kawaida ni kubwa mno kupenya, hivyo hubaki juu ya ngozi kama utando wenye maji. Kolajeni, inayotangazwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti nyingi, ina tatizo hilohilo: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupenya ngozi nzima kwa shida sana, ilhali kolajeni kamili hufikia takriban 300,000. Inalainisha uso kwa saa chache, basi. Dai kwamba inajaza kolajeni iliyopungua ndani ya ngozi halina msingi, na mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Barakoa ya karatasi hudhihirisha vizuri mipaka ya kundi hili. Baada ya dakika kama 15, karatasi huanza kukauka pembeni, kwenye kidevu na juu ya nyusi, huku katikati ikiwa bado mbichi. Huo ndio wakati wa kuibandua. Ikiachwa hadi ikauke kabisa, haina maji tena ya kuipa ngozi. Kulala nayo pia si vyema, kwa sababu utando wa juu uliolowa kwa muda mrefu huvimba, hulegea na kupitisha kwa wepesi vitu vinavyowasha.

Viambato vinavyofunika ngozi hufanya kazi kwa njia nyingine: havileti maji, bali huyazuia yaliyopo. Jeli ya petroli, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1872, hupunguza upotevu wa maji kwa zaidi ya asilimia 90 inapopakwa vya kutosha. Katika maeneo ya wafugaji kama Uasin Gishu, mafuta ya kukamulia yaliyokusudiwa viwele vya ng'ombe yamekuwa yakipakwa usoni na mikononi kwa miaka mingi, na kanuni yake ni hiyohiyo. Desturi hiyo haistahili kudharauliwa. Kwa uso mkavu wa nyanda za juu, tabaka jembamba la jeli juu ya ngozi ambayo bado ina majimaji ya barakoa huwa na manufaa kuliko barakoa ya pili. Mwenye chunusi tu ndiye anayehitaji uangalifu, na kwake losheni nyepesi hufaa zaidi.

Kati ya makundi hayo mawili yapo mafuta yanayojaza nafasi zilizo baina ya seli: parachichi, nazi, na shea. Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi kwa kuwa ina asidi oleiki nyingi zaidi. Mafuta ya nazi huweza kuziba vinyweleo vya baadhi ya watu. Seramidi na niasinamidi ni za daraja jingine, kwani hurekebisha utando wenyewe. Niasinamidi huchochea ngozi itengeneze seramidi zake, lakini matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa, si baada ya usiku mmoja.

Barakoa za jikoni hufuata kanuni hizohizo. Asali ina sukari karibu asilimia 80, kwa hiyo huvuta maji kama glisarini. Mtindi una asidi laktiki, ambayo kwa kiwango kidogo hunasa maji na kwa kiwango kikubwa hubandua seli zilizokufa. Utomvu mweupe wa shubiri hutuliza, lakini maji ya manjano yaliyo chini ya ganda lake huwasha na yanapaswa kuachwa yachuruzike kwanza. Ndimu na limau hazifai kabisa. Asidi yake ni kali mno, na zina kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo huweza kudumu miezi mingi, na kwa jua la Eldoret hatari huongezeka.

Barakoa ya kiwandani yenye maji lazima iwe na kihifadhi, la sivyo itaota bakteria na ukungu. Kihifadhi hicho, pamoja na manukato, ndivyo husababisha mzio mara nyingi. Methilisothiazolinoni ni mfano mzuri: Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi visivyooshwa baada ya kupakwa. Hatari kubwa zaidi ni bidhaa zinazoahidi kulainisha na kung'arisha kwa pamoja. Zebaki na hidrokwinoni haziruhusiwi katika vipodozi nchini Kenya; zebaki hudhuru figo, na hidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kugeuza ngozi kuwa ya samawati na nyeusi. Pakiti isiyoorodhesha viambato, au isiyo na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), iachwe dukani.

Barakoa mpya hujaribiwa kwa kupaka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa muda wa wiki moja. Ukitokea wekundu, mwasho au vipele, matumizi hukomeshwa na sehemu hiyo huoshwa kwa maji matupu. Mgonjwa anayekwenda kliniki ya ngozi abebe pakiti yenyewe, kwa kuwa daktari huhitaji orodha ya viambato ili ajue kinachomdhuru.