Maji Baridi Kabla ya Moto

Huko Uingereza wako mafundi waundao majumbani mwao vichwa vidogo vya treni ya mvuke kwa vyuma chakavu. Bomba la shaba lililotupwa huwa boila. Chuma cha mashine mbovu huchongwa kuwa ekseli. Tusiviite vitu vya kuchezea: mwaka 1924, mjini London, kimoja kiitwacho Ayesha, cha reli zenye upana wa inchi 2.5, kilivuta watu wazima kwa moto wa makaa.

Nguvu hiyo yaweza kuua. Ndiyo maana moto haukokwi kwanza. Boila hujazwa maji baridi mpaka hewa yote itoke, kisha husukumwa kwa pampu kufikia mara mbili ya shinikizo la kazi. Kwa nini maji? Maji hayashindiliki kama mvuke. Kiungo kikiachia, huvuja tu, na fundi hurudia kukiunga. Mvuke ungelipuka naye.

Kwetu, akirudi aliyemaliza kifungo, wengine humfungia mlango. Wengine humkabidhi papo hapo sanduku la fedha za jumuiya, nao huita hilo huruma. Tumtazame yule fundi: halidharau bomba kuukuu, wala haharakishi kiberiti. Nyuma ya kichwa kile watapanda watoto.